Vidudu Katika Maji ya Chumvi

Niliacha shule darasa la tatu, lakini katika Kitui mjini ni mimi niliyekuwa wa kwanza kuweka samaki wa bahari sebuleni. Kama kuna aliyenitangulia, ajitokeze. Mpaka leo hajajitokeza.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nanunua ndengu Kyuso na kuzipeleka Mombasa kwa lori langu mwenyewe, lori la jasho, si la kurithi. Baba aliniachia mbuzi watatu na jembe lisilo na mpini. Kule Mombasa mnunuzi wangu, Mhindi mmoja mzee, alikuwa na tangi la kioo ofisini. Kila nikifika ananiambia, "Ngoja kidogo," na mimi nangoja huku samaki wananitazama. Nikasema moyoni, ipo siku mtanitazama nikiwa kwangu, kwa kiti changu. Basi mzee huyo alipofunga ofisi kwenda kuishi na watoto wake ng'ambo, nikamwambia lile tangi lisiende mahali. Akaniuzia pamoja na kimashine cha kupuliza hewa na samaki wawili, mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mishipi myeupe, mwingine wa bluu kama wino. Akanionya jambo moja tu: kila mwezi nipunguze maji na kuongeza mengine, yawe ya bahari yenyewe. Ya bomba na chumvi ya dukani yatawaua.

Kazi hiyo nikampa dereva wangu. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, ameoa Kitui, na alikuwa ameliendesha lile lori miaka kumi na mmoja bila kuliingiza mtaroni hata siku moja. Aliniita tajiri, kama madereva wanavyowaita wenye magari, na mimi nilimwita Mswahili. Kila akirudi alishusha mitungi miwili ya maji ya bahari, mmoja wa kifuniko chekundu, na safari moja akaleta mawe yenye matundu, samaki wapate mahali pa kujificha.

Kanisani maneno yakaanza. Mama mmoja alimshika mke wangu mkono mlangoni, akamwuliza kama ni kweli tunafuga majini kutoka Mombasa.

"Ni kweli," mke wangu akamjibu. "Na yanakula nyama ya kusaga. Leta kidogo ukija."

Mimi sikujali. Mtu akipanda juu lazima watu waangalie soli za viatu vyake. Lakini Jumapili moja mchana nilikaa karibu na tangi nikaona kitu kinatembea kwenye kioo. Kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya wimbi. Kikaruka. Halafu kingine. Nikachukua ile lenzi yangu ya kukagulia ndengu nikaweka jicho. Mungu wangu! Walikuwa mamia. Wengine walienda kwa kushtuka-shtuka kama vumbi lenye akili, na wengine, wakubwa kidogo, walijikunja mgongo chini ya mawe na miguu mingi ikikimbia.

Sasa ujue, wadudu wa kuharibu mali ya mtu nawafahamu. Mimi naweka sikio kwenye gunia la ndengu nakwambia kama fukusi yuko ndani. Watu wa vyeti walikuja Kyuso na mitambo yao, nikawashinda kwa sikio. Tena mwaka mmoja nikiwa bado na ghala Mukuyuni, mfanyabiashara mwenzangu alimtuma mtu atupe konzi ya mahindi yaliyooza kwa fukusi katika shehena yangu. Nilipoteza msimu mzima. Tangu siku ile najua fukusi haji hivi hivi. Fukusi ana mwenyewe.

Na huyo mfanyabiashara wa Mukuyuni alikuwa ameonekana soko la Mbumbuni akinywa chai na nani? Na dereva wangu.

Nilitazama tangi siku tatu. Samaki wakaanza kukataa nyama. Nikiitupa inazama hivyo hivyo, na wao wanadonoa-donoa mawe kama hawanioni. Nikasema, sumu imeanza kazi. Dereva aliporudi safari nikamwita sebuleni.

"Mswahili, hii ni nini?"

Akainama, akatazama bila lenzi, akacheka. "Hao? Hao hawana neno, tajiri. Ni jamaa za uduvi. Bahari imejaa hao."

"Maji unachota wapi?"

"Baharini. Kwani bahari ziko ngapi?"

"Si pale mtaroni malori yanapolala?"

Kicheko kikafutika usoni mwake. "Mimi hushuka ufuoni, naingia mpaka kifuani, naweka mtungi begani. Kila safari. Hukuwahi kuniuliza."

"Leo nauliza."

Basi nikafanya nilivyozoea. Pale Kyuso, mkulima akiapa kwamba ndengu zake ni safi na mimi nikiwa na shaka, hatugombani. Nachota konzi kutoka gunia lake mbele yake, natia ndani ya chupa, naziba kwa nta, naiweka kaunta. Tunangoja. Wadudu wakitoka ndani ya chupa, basi walikuja naye, na jina lake linaharibika soko zima. Wasipotoka, namwomba radhi na kumnunulia soda. Chupa haina ndugu.

Nikafungua mtungi alioleta siku ile, nikachota maji safi kabisa, hata lenzi haikuona kitu. Nikayatia chupani. Nikachukua nta.

Dereva alikuwa amesimama akinitazama mikono. Alizijua chupa zangu. Alikuwa amewabeba wakulima wengi waliotoka mbele ya kaunta ile wamefunika nyuso.

"Tajiri," akasema polepole, "mimi nawe ni miaka kumi na mmoja."

"Chupa haijui miaka."

Mke wangu aliyasikia yote akiwa jikoni. Dereva alipoondoka alikuja akiwa na mwiko mkononi. "Baba watoto, samaki wawili hawa wanaweza kufa na tutaendelea kula. Huyu mtu akiondoka, nani atakupelekea hilo lori? Mtu anayelala njiani na mzigo wako na hujawahi kukosa hata gunia?"

"Kama ni mwaminifu, chupa itasema."

Siku ya nane chupa ikasema. Nikaipeleka dirishani, nikaweka lenzi, na hao hapo, weupe, wanashtuka-shtuka. Sitasema uongo, nilifurahi. Mtu mwenye shaka akipata anachokitafuta, hufurahi hata kama kitu chenyewe kinamwumiza. Nikamwonyesha dereva. Nikamtajia Mukuyuni, nikamtajia Mbumbuni na ile chai.

"Nilikunywa chai, ndiyo," akasema. "Alitaka nimwendeshee lori lake. Nikamwambia nina mtu wangu." Akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Safari hii twende wote. Na lenzi yako uje nayo."

Tulikwenda. Mombasa tukashusha mzigo, na asubuhi yake akanipeleka ufuoni, mbali na bandari, mahali maji yamekupwa na kuacha vidimbwi kati ya mawe. Akavua shati, akachukua mtungi, akaingia. Magoti, kiuno, kifua. Mawimbi yalimpiga akayumba, akajaza, akarudi na mtungi begani, chumvi machoni. Nilihesabu hatua zake. Miaka yote ile nilidhani anainama tu mahali na kuchota.

"Sasa wewe," akaniambia. "Chota popote. Uchague mwenyewe."

Nikachota kwa kiganja kutoka kidimbwi kilichokuwa safi kama kioo cha dirisha. Nikaweka lenzi. Wamejaa. Nikahamia cha pili, cha tatu. Nikainua kijiwe, chini yake wale wa mgongo uliokunjika wakatawanyika. Samaki wadogo walikuwa wanawadonoa, vile vile kama wangu nyumbani wanavyodonoa mawe. Wangu walikuwa hawajaugua. Walikuwa wamepata chakula chao wakakataa changu.



"Chupa yako ilisema kweli," dereva akasema, akijifuta kwa shati. "Walikuja na maji yangu. Wewe ndiye hukujua wanasema nini."

Nikamwambia, "Mswahili, twende nikununulie soda."

Nilidhani atacheka. Akatoa funguo za lori mfukoni, akaziweka juu ya kifuniko cha mtungi. "Lori lina mafuta. Breki ya nyuma irekebishwe ukifika Mtito. Mimi si gunia, tajiri."

Nililirudisha lori mwenyewe. Naam, niliweza, nilianza maisha nikiwa tanboi, utingo wa kupakia mizigo, hakuna lori linalonishinda. Lakini nilifika Kitui mgongo umekufa, na mtungi mmoja tu, ule aliouacha pale kwenye mawe; wa kifuniko chekundu alibaki nao yeye. Mke wangu alitazama nyuma yangu kuona nani mwingine anashuka. Juma lililofuata alimsaidia mke wa dereva kufunga virago, maana mumewe alikuwa amemwita ahamie Mombasa.

Niliajiri madereva wanne mwaka ule. Nilituma salamu, nikatuma na mtu mzima wa kuzungumza, hakurudi. Mitungi niliyoletewa na hao wanne niliikagua yote kwa lenzi, na yote ilikuwa safi kabisa, haina hata kidudu kimoja, hata baada ya siku nane. Maji ya bomba na chumvi ya dukani. Samaki wa bluu akafa.

Halafu lori la watu wengine likasimama mlangoni, na utingo akashusha mtungi wa zamani, ule wenye kifuniko chekundu. "Nimeambiwa huu ni wako," akasema. Hakuna barua, hakuna ujumbe. Nikauingiza ndani. Nikachota chupa moja, nikaiziba kwa nta kama kawaida, maana nimezoea.

Siku ya nane nikaweka lenzi, na walikuwepo. Nikaubeba ule mtungi mwenyewe nikamwaga tangini.

Lile jina la tajiri, hakuna dereva mwingine aliyeniita nalo nami nikageuka.