Komando Hatingishi Mkia

"Baba, mbona huyu hatingishi mkia?"

Nasha aliuliza hivyo siku Komando aliposhushwa kwenye lori la mnadani, pale Kakesio, mnyororo shingoni na vumbi hadi kwenye kope. Watoto wa boma walikuwa wamelikimbilia lori, na mbele yao alitangulia Sambu, mbwa wao wa mabakamabaka, mkia ukimzunguka kama anafukuza nzi. Komando alisimama tu. Mkubwa, mgongo mweusi, masikio juu kama ya mbweha. Mkia wake ulining'inia kama kamba iliyosahauliwa.

"Huyu ni askari," Lembris alimjibu binti yake, akicheka. "Umewahi kuona askari yuko zamu anachekacheka na watu?"

Nasha alikuwa darasa la pili. Alilikubali jibu, ila macho yake hayakubanduka kwenye ule mkia.

Lembris alizaliwa Kakesio na kuchunga Kakesio. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba yake, alifanya kama vijana wengi wa rika lake: alijifunga shuka, akashika rungu, akaenda Karatu kulinda. Mwajiri wake alikuwa Apolinari, Mchaga wa Rombo mwenye nyumba ya wageni, ile wanayolala watalii kabla ya kwenda kreta kutazama wanyama. Siku moja Apolinari alirudi kutoka Arusha na boksi la biskuti, ndani mna mtoto wa mbwa wa ile aina ya mbwa wa polisi.

"Mlee huyu awe mkali," alisema. "Mchana afungiwe bandani, asione watu. Usiku ndiyo umfungulie. Mbwa akizoea watu, huyo tena ni mbuzi."

Ndivyo wafanyavyo wengi wenye mageti mjini. Wapo hata wanaowatilia mbwa pilipili kwenye ugali. Lembris aliifanya kazi kama alivyoagizwa, maana kazi hiyo ndiyo iliyopeleka unga Kakesio. Komando akakua. Akawa hamtambui mtu duniani isipokuwa Lembris.

Halafu akamrarua mgeni suruali, asubuhi moja alipochelewa kufungiwa. Apolinari hakutaka maneno mengi. "Watalii wakiandika kwamba kwangu kuna mbwa anauma, nimekwisha. Atapewa sumu."

"Nipe mimi, bosi. Nimpeleke nyumbani."

"Kwenu kuna watoto, wewe Mmasai!"

"Ndiyo dawa yake hiyo. Kwetu mbwa haumi mtoto."

Wala hakuwa anadanganya. Kakesio mbwa hafungwi. Anazaliwa bomani, analala na watoto wa mbuzi, na mtoto wa mtu akimnyang'anya mfupa mdomoni, yeye anatazama pembeni kama mzee aliyetukanwa na mjukuu. Mbwa mgeni akiletwa, kwa ukoo wa Lembris, mtoto mdogo wa nyumba humnywesha maziwa kwa mkono wake. Akishayanywa, ni wa boma. Hakuna aliyewahi kuiona desturi hiyo ikishindwa. Lakini pia hakuna aliyewahi kuleta mbwa aliyekulia bandani.

"Lembris!" jirani yao Moloimet alipaza sauti siku ile ya lori. "Huyu fisi umemlipia nauli?"

"Nusu. Amepanda kama mwanafunzi."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Sinyati, mama yake Nasha, hakucheka.

"Baba Nasha, sikiliza. Akimwonyesha mtoto meno mara moja tu, ni mkuki."

"Mara moja tu," Lembris aliahidi. "Lakini hatamwonyesha. Acha anywe maziwa kwanza."

Jioni, ng'ombe waliporudi, Lembris alichuchumaa mlangoni pa zizi, mnyororo ameukunja mkononi ubaki mfupi. Nasha alikuja na bakuli, maziwa bado yana povu. Alijivunia kuchaguliwa. Alitembea polepole asimwage.

"Mwite jina."

"Komando," alisema Nasha.

Mbwa hakuyatazama maziwa. Alimtazama Nasha. Pengine hakuwahi kumwona mtu mfupi hivyo, mtu ambaye uso wake uko sawasawa na uso wake yeye. Nasha alichovya vidole kwenye maziwa, akanyoosha mkono wa kulia.

Komando hakubweka wala hakunguruma. Nasha anachokumbuka ni maziwa yaliyomwagikia makubazi ya baba yake, na sauti ya baba yake ikipiga kelele kwa Kiswahili, "Achia! Achia!" Kiswahili, pale bomani ambapo kila mtu aliongea Kimaasai, kwa sababu mbwa yule hakujua lugha nyingine.

Alipoachia, alilala chini, akainua macho kumtazama Lembris. Kama anayesubiri kusifiwa.

Moloimet alikuwa ameshakuja na mkuki. Lembris aliuchukua mkononi mwake, akaifanya kazi ile mwenyewe.

Hospitalini Endulen, nesi aliyeitwa Cresensia alikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, tena na tena, huku Nasha akilia. Halafu akauliza, "Mbwa yuko wapi?"

"Nimemuua."

Nesi aliiweka sabuni chini. "Mngemfunga, baba. Angeangaliwa siku kadhaa, tungejua kama ana kichaa au hana. Alichanjwa?"

Lembris hakujua. Alimpigia Apolinari, simu ikaita mpaka ikakatika. Basi Nasha akachomwa sindano zote, moja baada ya nyingine, na kila safari baba yake alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Sindano zilimlinda. Nesi aliwaambia wazi kwamba akizimaliza hana haja ya kuogopa. Lakini bomani nani angemsikiliza nesi? Walichokijua ni kwamba mtu mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Wanawake wakaacha kumpa Nasha kibuyu chao. Watoto wakacheza mbali naye. Na kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu, Lembris alikuja na kikombe cha maji, akampa, akamtazama koo. Akishameza, anachukua kikombe na kuondoka. Asubuhi iliyofuata anarudi nacho. Ilipita masika, ikapita kipupwe. Nasha alijifunza kunywa yote hata kama hana kiu, ili baba yake aende.

Vidole viwili vya mkono ule havikukunjuka tena.

Lembris hakurudi Karatu. Alimfukuza hata Sambu, aliyetingisha mkia mpaka jiwe la mwisho, kisha akaenda kuishi kwa Moloimet. Bila mbwa, fisi waliingia zizini mara kwa mara, na mbuzi wakapungua. Sinyati alimsihi alee mbwa mwingine, mdogo, wa hapahapa. Yeye akaenda kukata miiba ya kuziba zizi. Baba aliyekuwa akitaniana na lori zima, sasa hata salamu aliitikia kwa kidevu.

Nasha alikuwa kidato cha tatu, anaandika kwa mkono wa kushoto, aliporudi likizo na jambo alilolisoma maktaba. Alimkuta baba yake akiziba zizi kwa matawi ya miiba.

"Baba, kumbe mbwa wa aina ya Komando kwao hawakuwa askari. Huko Ujerumani walianza kama wachungaji. Walichunga kondoo."

Lembris aliacha tawi. Mwiba ulikuwa umemwingia kiganjani, hakuutoa.

"Kondoo?"

"Ndiyo. Na watoto wa huko walicheza nao."

Alikaa chini. 

"Uliniuliza kitu siku ile ya lori," alisema.

"Nilikuwa mtoto, Baba."

"Nilikujibu kwa mzaha." Aliushika mkono wa kulia wa binti yake, vile vidole viwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitalini. "Alikuwa anatingisha, Nasha. Alipotoka kwenye lile boksi alikuwa anamtingishia kila mtu, hadi akina mama wauza mboga wanaopita getini. Nikawa namchapa kila akitingisha. Siku alipoacha, bosi alinipa mkono, akaniambia kazi nimeiweza."