Nyina wa Theuri

Bibi yangu Wangui hakuwahi kuketi akila. Alisimama mlangoni, sahani mkononi, macho nje. Sisi wajukuu tulimcheka tu. Siku hizi najua kwamba mwaka wa 1954 watu wa Tetu waliswagwa na mkoloni kama mbuzi wakafungiwa kijijini, handaki pande zote, ngati, wenyeji waliomtumikia kwa bunduki, wakilinda lango. Mwanamke alipewa muda mfupi wa kukimbia shambani, na ole wake aliyechelewa.

Lakini aliyenihangaisha mimi ni baba, Muriithi, mtoto pekee wa Wangui tuliyemjua. Ana miaka sabini na moja na hatulii, anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa baba, babu mzaa baba alikuwa Theuri. Baba akapewa jina la upande wa mama, kama mtoto asiye na baba, na mume wa Wangui alifia kizuizini Manyani. Basi kila mwenye mdomo alipiga hesabu: huyo ni mtoto wa ngati. Baba mwenyewe aliamini, na bibi hakuwahi kusimulia ya kijiji kile.

Nilichoka. Juzi nikamleta nyumbani kwetu Skuta ajuza Watiri, aliyekuwa msichana mdogo kijijini humo, aseme ukweli wowote ule.

"Nyina wa Theuri alikuwa mkali," alianza.

"Nyina wa Muriithi, cucu," nikamkatiza ajuza. "Umechanganya."

"Ati nimechanganya? Theuri ndio alikuwa wa kwanza! Huyu Muriithi alikuwa ananyonya bado wakati surua iliingia kijiji. Nyina aliomba ngati wafungue geti apeleke Theuri hospitali. Wakakataa. Akafia kwa mgongo yake."

Baba alishika meza. "Kwa hivyo mimi ni wa pili?"

"Wa pili. Na baba yako alikubeba kabla wamchukue wampeleke Manyani. Niliona na macho yangu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Sabini na moja, jamani! Nilimgeukia baba nikitarajia kicheko, lakini alikuwa tayari anavaa viatu vya mpira.

"Walimzika wapi?"

"Watoto wote waliwekwa shimo moja, huko juu ya mto. Saa hii ni shamba ya kahawa tu."

"Inuka, mama, unionyeshe," baba akasema. "Kaka yangu hajawahi kutembelewa."