Ulfat Alipoulizwa Habari za Fathiya

Kuna miji ambako mwekezaji akitaka kumjua mwenye biashara hupekua makaratasi yake. Unguja mtu bado huuliziwa mtaani, kama mchumba. Ndiyo maana Mzee Tayabali, mkubwa wa kikundi cha watu saba wanaotia fedha katika biashara changa, alimgeukia Ulfat, mmoja wa hao saba, mbele ya wenziwe.

"Bi Ulfat, huyu Fathiya si mliishi naye ngazi moja kwenye maghorofa ya Michenzani? Hebu tupe habari zake."

Karatasi za Fathiya zilikuwa safi. Alitaka mashine ya barafu ya umeme wa jua kwa wanawake wanaouza pweza Fumba, na kumi na wawili kati yao walishaanza kukodi sanduku lake la kwanza la barafu. Ulfat alizisoma mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo ndilo lililomkereketa.

Maana barafu hiyo aliifikiria yeye kwanza. Miaka kumi na minane nyuma, kabla ya duka lake la vitambaa, aliipeleka kwa matajiri wa wakati ule, imeandikwa kwenye daftari la shule. Hawakumjibu ndiyo wala la. Leo, kabla ya kutoka nje kungoja jibu, kile kitoto alichokuwa akikisuka nywele kizingitini kilisimama mbele ya watu na picha ukutani, kinacheka, hata jasho hakina. Hata baibui lake jipya lilimuuma Ulfat.

Uongo hakuuhitaji. Alivua miwani, akasema, "Mtoto wa watu. Mungu amsaidie."

Wote wakaelewa. Ndivyo anavyojibu jirani asiyetaka posa ifike mbali.

Tayabali akafunga faili. "Basi tumpe Hafiz, yule mwombaji mwengine."

"Hafiz naye kaulizwa kwa nani?" akauliza Ulfat.

"Hafiz? Babake nnamjua mie, tukicheza keram pamoja!"

Wakacheka. Ulfat naye akacheka. Hafiz hakuwa na mteja hata mmoja.

Asubuhi yake Fathiya aliingia dukani na sahani ya visheti.

"Shikamoo, da Ulfat."

"Marahaba."

"Wamenikatalia. Lakini kuna kikundi chengine cha watia fedha, cha Bi Saroj, nao wanataka wa kumuuliza. Nimewapa namba yako, watapiga sasa hivi. Nani mwengine anayenijua? Ile barafu si nliisikia kwako, ukimsimulia mama huku unanisuka?"

Mtoto wa miaka sita aliyashika maneno ambayo Ulfat mwenyewe aliyatupa. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa jana.

Simu ikalia.

"Bi Ulfat? Saroj hapa. Unamjua Fathiya?"

Ile sentensi ya jana ilikuwa mdomoni tayari. Fathiya alikuwa akimtazama, sahani bado mkononi.

"Namjua," akasema Ulfat. "Karatasi zake nimezisoma mara mbili nikitafuta kosa. Sikuliona."

Akakata simu haraka, asije akaongeza neno.