Majivu Kuzunguka Mtego

Shemeji yangu, mtega nguruwe, hana haraka hata nyumba ikiungua. Mimi, bingwa wa mawindo nisiye na mpinzani, nilishamwambia kuwa anayekula chambo bila mtego kufyatuka ni nungunungu, akaguna tu. Jioni akanyunyiza majivu kuzunguka mtego, taratibu, kama anayemfunika mtoto usingizini. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeilalia mihogo iliyofukuliwa, tukakuta nyayo za miguu mitatu na mchirizi wa mguu unaoburuzwa. Mbwa wake mzee, yule kilema. Wenye mashamba walikuwa wanakuja na marungu, wameapa kumuua mwizi wa mihogo yao. Shemeji akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya majivu polepole mpaka nyayo zikafutika.

“Ni nungunungu,” akawaambia. “Shemeji alilijua hilo mapema.”

Nikakohoa, nikajivuna inavyostahili.