Mtoto wa Kuazima

Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni kijiji chetu, karibu na Runyenjes, Embu, kilizungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa, na mlango ulikuwa mmoja. Aliyetaka kwenda shambani alitoka pamoja na wengine, bunduki zikiwasimamia, kwa muda mfupi usiotosha kuchimba hata viazi vya mlo mmoja. Sisi tuliokuwa tukinyonyesha tulikuwa na bahati yetu. Tukimaliza kazi ya lazima ya asubuhi tulifunguliwa kabla ya wengine, bila mlinzi, tukatafute chakula ili maziwa yasikauke. Sharti lilikuwa mtoto awe mgongoni, na tusivuke barabara ya juu. Kutoka barabara hiyo hadi msituni lilikuwa eneo marufuku, na aliyeonekana huko alipigwa risasi. Ruhusa ile tuliiomba kwa machozi, na tulijua vizuri kwamba mmoja wetu akiiharibu tutafungiwa sote.

Mimi si mtu wa Embu. Nilizaliwa Kaaga, Meru, nikaja huku kuolewa. Mume wangu alipopelekwa kizuizini nilibaki na binti yangu mchanga, mama mkwe, na wifi yangu ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Wifi ndiye aliyenifundisha Kiembu. Alikuwa akinicheka, lakini alinicheka tukiwa wawili tu, mbele ya watu alinitetea. Hakuna mtu niliyemwamini kama yeye ndani ya handaki lile.

Kisha nikashikwa na homa. Nililala siku kadhaa sijijui, nikiamshwa tu kunyonyesha na kulishwa nduma zilizopondwa laini. Nakumbuka utamu wake. Hata sikuuliza zimetoka wapi, maana mgonjwa haulizi.

Nilipopata nguvu ya kukaa, nilichukua shuka ya manjano ya kumbebea mtoto ili niifue, nikaikuta imejaa mbegu za kishona nguo, lile gugu linalonata kwa anayelipita. Ndani ya kijiji hakukuwa na jani hata la dawa, tulikuwa tumekanyaga kila kitu kikawa tope. Shuka ile ilikuwa imetoka nje. Nilimuuliza wifi, nikitumaini atanipa jibu jepesi nirudi kulala.

Hakuficha. Alinieleza kama mtu anayeeleza alivyoteka maji. Alimfunga binti yangu mgongoni, akajitanda kichwa, akatoka na kina mama. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mgeni wa kutoka mbali, alihesabu migongo yenye watoto, sura hakuzijali. Wale kina mama wengine walimficha katikati yao. Wote walijua. Na nduma zilitoka bondeni kwetu, kwenye shamba letu la zamani, ng'ambo ya barabara ya juu.

Nilimuuliza kama alisahau kule watu wanauawa.

"Sikusahau, wifi," akasema. "Lakini hawa majoni hawapigangi mama ako na mtoto kwa mgongo. Ndio maana nikambeba."

Majoni ndio tulivyowaita askari wa Kizungu. Nilitazama mgongo wa wifi yangu, kisha nikamtazama binti yangu. Nilimgeukia mama mkwe, niliyedhani atashika kichwa na kulia. Akaniambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekaza fundo la shuka. Nilikuwa nakufa, akasema, na mtoto angekufa nyuma yangu. Pengine alisema kweli. Mimi nilisikia tu kwamba nyumba nzima ilikaa ikapanga juu ya mwanangu nikiwa nimelala palepale.

Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Nilimfunga mtoto kwa shuka ileile nikatoka kwenda kwa mkubwa wa walinzi, mtu wa kijiji chetu hichohicho. Njiani nilibishana na nafsi yangu. Nikisema, wifi atachapwa mbele ya watu, na kina mama watapoteza ruhusa yao, watoto wao walie njaa. Nikinyamaza, ataona ni jambo la kurudia, na siku moja nitaletewa shuka tupu. Nilifika kwake sijaamua.

Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo.

"Wewe mama unatafuta kifo?" akasema. "Juzi nilikuwa pale juu kwa mnara na joni. Yeye ameshalenga bunduki. Mimi ndio nikaona hiyo shuka ya manjano nikamshika mkono, nikamwambia ngoja, hiyo ni mama na mtoto. Nikakufichia. Sasa hiyo saa ya wamama, wewe hutaenda tena. Utatoka na wengine, na askari."

Bunduki ilikuwa imelengwa kweli. Na wifi alisema kweli pia: mtoto ndiye aliyeizuia. Neno moja tu lingenisafisha na kunirudishia ruhusa yangu, na lilikuwa jina la wifi. Lilinifika kooni. Lakini nikifungua mdomo, huyu mtu angejua kwamba kina mama wote walimdanganya mlinzi wake, na asingekuwa na njia ila kufunga mlango. Basi nikainama, nikamwambia asante kwa kutuokoa, na nikakubali kuitwa mama asiye na akili.

Nyumbani niliwaambia niliyoambiwa. Wifi alilia, alilia kabisa, akaniomba msamaha, akasema adhabu ile ilikuwa yake. Nilianza kulainika. Kisha akafuta macho, akafikiri kidogo, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Basi kama wewe umekatazwa," akasema, "nipe mtoto. Kesho niende mimi. Sitavuka barabara."

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Sufuria ilikuwa tupu na sote watatu tulilijua hilo.

"Mtoto wangu si pasi ya mtu," nikamwambia.

Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikaenda nikakaa nje nikiwapa kisogo. Jioni ile hatukula, na mtoto alinyonya hadi akaanza kuniuma.