Nilijenga Babylone ku Annexe

Siku moja asubui nilifungua mulango ya parcelle, kiwanja ya familia yetu, nikakuta bamama tatu banachuma Babylone yangu, banatia mu bassin.

Banaenda kuipika.

Ngojeni niwaelezee, juu musiseme niko fou, kichwa imeharibika.

Jina yangu ni Emery. Diplôme d'État niko nayo, kazi sina. Nilikuwa na mupenzi, Kapinga. Ule mutoto akicheka, unasahau hata kama haujakula tangu jana.

Papa yake, Papa Clément, ni muntu ya Kasai, bibi yake, mama ya Kapinga, alikufa zamani. Alifundishaka histoire, sasa iko retraité. Nyumba yake imejaa bitabu ya majardin, ni kusema bustani. Ya Babylone, ya France, ya Japon, ya Inde. Siye tunaangalia ballon, yeye anaangalia maua yenye ilikauka miaka elfu mbili.

Nikaenda kumuona. Nikamuambia ninapenda mutoto yake.

Hakukasirika. Alivua lunettes ku macho, akaniuliza: "Mon petit, banasema mufalme wa Babylone alikuwa na bibi mwenye kulilia milima ya kwabo. Alimufanyia nini?"

Nikajibu: sijui, papa.

"Alimujengea jardin yenye kuninginia juu ya ukuta. Weye, utamujengea Kapinga nini?"

Muntu mwenye akili angejua muzee anaongea tu. Miye nilitoka pale mbio kutafuta mipira ya zamani ya magurudumu ya camion.

Sasa, kwetu asili ni Butembo. Mwenye alinikomalisha tangu utoto ni Mama Kasoki, mama mukubwa yangu, dada ya mama, mujane. Alikuwa anauzisha haricot en gros, magunia ya maharagi, huku ku Kamalondo. Kisha Goma ikaanguka mu mikono ya waasi. Camion yake mbili ilibakia kule, depot ikafungwa, na bandugu bakaanza kufika na mizigo ku kichwa. Tulikuwa batano mu nyumba. Tukakuwa kumi na tisa.

Alikuwa na parcelle ku Annexe, ku mwisho ya muji, pale camion ilikuwa inalala. Ilikuwa inakaa bure. Nikaiomba.

"Kamata," Mama Kasoki akasema. "Lakini udongo yangu hailale njala. Unapanda kintu ya kukula, ao unaacha."

Munajua huku kwetu. Mvua ikianza tu, hata kando ya barabara ya goudron muntu anapanda mahindi. Udongo bila chakula ni haya ya familia.

Njo vile Babylone yangu ilikuwa matembele mu mipira ya camion, imeninginia ku ukuta. France ilikuwa lengalenga, ile muchicha yetu, mistari ya sawasawa, ninaikata na makasi.

Japon ilinisumbua.

Mu kitabu, Japon ni muchanga na mabwe tatu, muchanga imechorwa mistari kama maji. Ninaichora mangaribi. Asubui Mama Kasoki anafika na fagio, anafuta yote, juu lupango yenye haifagiwe bantu batasema mu ile nyumba hakuna banamuke.

Ninachora. Anafagia. Wiki tatu.

Na bale bamama tatu ya bassin? Bandugu ya Butembo, balifika juzi yake. Nikabaambia: bamama, iyi ni Babylone. Mumoja akanijibu polepole, bila kuacha kuchuma: "Tunaona, mutoto. Inaomba mafuta na nyanya tu."

Ningefanya nini? Nikapanda tena.

Kapinga akaniita pembeni. Akaniambia niache mambo ya jardin. Nikuye na bandugu yangu, hata na casier moja ya sucré, kreti ya soda, tufanye présentation, familia zijuane, papa yake atakubali tu.

Nikamuambia angojee kidogo. Inabakia Inde.

Papa Clément akaanza kuya ku inspection. Mara ya kwanza alitukana France yangu saa nzima. Kisha akakuta Mama Kasoki anafagia Japon, karibu aanguke. Akamufundisha ile muchanga ni maji, ni roho, ni utulivu.

Mama Kasoki akasimama na fagio ku kiuno. "Papa professeur, na ule bwana ya Japon, ile maji yake ilikuwa inamushibisha?"

Papa Clément akacheka. Vraiment, miye sikujua ana meno mingi vile.

Kesho yake alikuya na chemise mupya, imepigwa pasi. Kesho kutwa alikuya na kiti yake. Anakaa mu Japon, anakula matembele ya Babylone, Mama Kasoki anamuongezea bukari, ugali yetu. Miye niko pale ninamwangilia lengalenga maji, ninajisemea: Emery, umeshinda. Muzee amependa jardin.

Dimanche moja, kisha misa, bandugu ya Papa Clément bakafika na mbuzi kumi na mbili.

Nikakimbia kuvaa veste. Nilifikiri Bakasai balinihurumia, banakuya kunioa beye.

Musemaji yabo akasimama. "Tulipita mu iyi parcelle, tukaona ua."

Nikaangalia. Ua gani? Iko lengalenga tu.

Bote balikuwa banaangalia Mama Kasoki.

Bakanipa kamba ya mbuzi nishike, juu miye njo mutoto mwanaume ya nyumba, mwenye kuitikia mahari. Nikamunongonezea Mama Kasoki: na miye na Kapinga? Bibi ya papa yake ni mama yake. Mama mukubwa yangu ni mama yangu. Atakuwa dada yangu!

Hakuniangalia. Alikuwa amevaa pagne ya maana, mara ya kwanza tangu Goma ianguke.

"Emery," akasema chini chini. "Bilinitoka byote. Camion, depot, nyumba ya bandugu. Ukisema hapana, nitabarudisha na mbuzi yabo. Sema."

Kamba ilikuwa ku mukono yangu. Kapinga, mwenye alifika nabo, alikuwa ananiangalia kutoka ku mulango.

Nikafunga mbuzi ku ukuta.

Nilifunga mubaya. Kabla bantu bamalize kukula, mbuzi ilikuwa imemaliza France, iko inapanda Babylone.

Kapinga akaniletea sahani ya nyama. Macho yake ilikuwa mwekundu, lakini alicheka.

"Yaya Emery," akaniambia, vile dada anaita kaka yake. "Nilikuambia casier moja tu."

Bandugu, mukipenda muntu, pelekeni présentation mbele, maua itafuata. Jardin haiulizake ulipanda sababu ya nani. Mwenye amekaa ndani njo anapendwa.