Moto Tuliouomba Ng'ambo

Jumanne, mwezi wa nne. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima Meru haukuonekana mchana kutwa.

Mwanangu, jana uliniuliza ni nani aliyeanzisha kijiji chetu hiki cha mtoni. Nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo huwa napamba. Hata kwa kalamu sijiamini sana. Shule yangu ilikuwa miaka miwili tu kwa wamisionari.

Nakumbuka siku moja, enzi za Mjerumani, alikuja bwana mpima na askari wawili. Walitafuta ardhi isiyo na mwenyewe wawape walowezi. Sisi tulikaa upande huu wa mto, kwa babu yangu. Ng'ambo alikaa mjane mmoja tuliyemwita Koko, yaani bibi, na mjukuu wake Lameki, wa rika langu. Mto mzima ulikuwa na nyumba hizo mbili tu. Kwa kuwa nilijua Kiswahili, niliitwa mimi.

"Nani alitangulia hapa?" mpima akauliza.

"Babu yangu, bwana. Alikuta pori tupu, huku na ng'ambo."

"Na yule bibi?"

"Alikuja nyuma yetu."

Sikudhani nasema uongo. Kila mwaka siku ya kuzibua mfereji, pombe ikishazunguka, babu alisimama akasimulia alivyokuta pori tupu. Nami nilipenda kuwa mjukuu wa mtu wa kwanza. Mpima akaandika. Jioni vigingi vilikuwa vimesimama ng'ambo, kuizunguka migomba ya Koko. Sisi hatukuguswa.

Babu aliposikia hakufoka. Aliniuliza, "Pori tupu hutoa moshi?"

"Hapana, babu."

"Nilipofika hapa mvua ilikuwa imenizimia moto, na bibi yako ana mimba. Nikaona moshi ng'ambo. Nikavuka, Koko akanipa kaa kwenye kigae. Hata pa kuchepushia mfereji alinionyesha yeye. Yale ya pori tupu ni maneno yangu ya pombe, na aibu yake ni yangu. Lakini wewe umeyapeleka kwenye karatasi."

Nikamfuata mpima hemani kwake. Alinisikiliza kwa adabu, hilo nakubali, kisha akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Huenda wangeichukua hata bila mimi. Kwingine walichukua palipokuwa na makaburi. Sijui. Ninachojua ni kwamba neno lilitoka kinywani mwangu.

Babu akachuma jani la sale, hili tunalopanda mipakani. Anayekuja kuomba radhi nalo hafukuzwi. Akanitanguliza, yeye nyuma.

Lameki alikuwa mlangoni. "Karibu, mwalimu. Lakini sisi nyani wa porini hatuna kiti."

Koko alilipokea jani, akaligeuza mkononi. "Sale nimelipokea, mjukuu wangu. Sasa nyumba yangu nitaikunja kama ngozi niipeleke wapi?"

Babu akasema, "Utavuka. Zamani nilivuka mimi."

Aliigawa migomba yake nusu kwa nusu, akampa Koko sehemu ya juu, ambako maji ya mfereji hufika kwanza. Baba hakupendezwa, na kwa kweli alikuwa na hoja: tulikuwa wengi. Mafiga ya Koko, yote matatu, niliyavusha mimi mgongoni, na Lameki alinihesabia kila nilipoteleza. Zile nyumba mbili zilizokuwa zikitazamana zikawa ubavu kwa ubavu, na wengine waliofukuzwa na vigingi kwingine wakaja kujenga pembeni. Nadhani kijiji kilianza hapo.

Basi, mwanangu, husemwa mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli, lakini asili yako usiijenge juu ya kiwanja cha jirani. Ukiulizwa mlitoka wapi, mtaje kwanza aliyewapa moto, ndipo umtaje babu yako. Na mbele ya mwenye kalamu sema ulichokiona. Ulichokisikia kwenye pombe, sema umekisikia kwenye pombe.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, mfereji usiokauka, na jirani asiyechoka kukufungulia mlango.

Jioni tumekula loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando. Kuni zilikuwa zimelowa, mama yako akaenda kuomba kaa la moto kwa akina Lameki.